Mwenyekiti wa Vinywaji

Nyegezi ina wenyeviti wengi. Kuna mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti wa jumuiya, mwenyekiti wa kikoba, mwenyekiti wa bodaboda wa pale stendi, na kila harusi ikitangazwa anazaliwa mwenyekiti mwingine wa vikao. Lakini ukisema "Mwenyekiti" tu, bila kuongeza neno, watu wa upande wetu wanajua unamsema nani. Unamsema yule mama mrefu, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na sauti ya kukusanya darasa lililotawanyika. Cheo chake kamili kilikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya vinywaji. Hilo neno "ndogo" lilidondoka zamani na hakuna aliyeinama kuliokota. Wenyeviti wakubwa, wale wa vikao vyenyewe, waliudhika kidogo, kisha wakazoea.

Mimi ni mpishi wa sherehe. Harusi, kipaimara, komunyo ya kwanza, jubilei za ndoa, sendofu za kuwaaga mabinti: kiangazi kikiingia, mpunga umeshavunwa na shule zimefungwa, sufuria zangu hazipoi. Kwa hiyo Mwenyekiti nimemjua kwa miaka, tena nimemjua kutoka jikoni, mahali ambapo watu hawajipambi. Msitegemee sifa za mazishini, kwanza yuko hai na ataisoma hii. Yule mama alinichosha, alinigombeza, na mwanzoni nilimchukia kabisa.

Tulijuana kwenye kipaimara cha watoto wa jirani. Nilikuwa nimepika pilau, nikaitia pilipili manga ya kutosha, maana wenye sherehe walikuwa watu wanaopenda kutokwa jasho wakila. Akaingia jikoni bila hodi, akafungua mkoba, akatoa kijiko chake mwenyewe kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe, akachota kwenye sufuria yangu.

"Nani kapika hii?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pilau nzuri, ila umenivunjia kamati. Mimi nimeleta mvinyo mwekundu, mzito. Huo na pilipili yako wakikutana kwenye mdomo wa mtu watapigana, na mtu atadhani anaumwa."

"Sasa unataka niiokote pilipili punje moja moja?"

"Nataka siku nyingine uniambie kabla hujaitia."

Nilimwonyesha mlango kwa mwiko. Akatoka kichwa juu. Baadaye nachungulia mezani, naona ule mwekundu umerudishwa kwenye gari, na mahali pake kuna mvinyo mweupe wenye utamu kidogo, wa baridi, uliopatikana sijui wapi kwa muda ule. Watu walikula pilau mpaka nikakwangua ukoko. Nilirudi nyumbani na hasira zangu, kwa sababu sikujua kama nimshukuru au nimtukane.

Ili mumwelewe, lazima niseme hali ilivyokuwa kwetu. Mvinyo ulikuwa mmoja tu: mwekundu, mtamu, wa Dodoma. Tuliujua kwa altare na tuliujua kwa kinamama waliotoka kujifungua, kwamba unaongeza damu. Mweupe watu waliuona kama siki iliyokosa kachumbari. Kwenye sherehe mvinyo uliwekwa meza kuu kwa ajili ya picha, watu wakagonga glasi, wakalamba midomo, wakarudi kwenye bia na soda zao. Mwenyekiti aliona hiyo ni dhambi. Si dhambi ya kuungama, alisema, lakini ni dhambi ya uvivu.

Alifundisha popote alipo. Kwenye kikao, kwenye foleni ya maji, nje ya kanisa baada ya Misa ambayo kwa kawaida alikuwa amechelewa kuingia. "Jua la saa nane liko kichwani, wewe unampa mgeni mwekundu mzito. Si umemfunika blanketi?" Sato wa kukaanga, alisema, ana mafuta na chumvi, mpe mvinyo mkavu, usio na sukari, wenye ukali wa ndimu. "Ukikumbuka tu kwamba samaki anataka ndimu, kwenye mvinyo wa samaki hukosei." Nyama ya ng'ombe ya kuchoma, mwekundu, ila mchana wa kiangazi uupitishe kwenye baridi kidogo, mtu asikutishe kwamba mwekundu haupozwi. Pilau ina viungo, itafutie wenye utamu kidogo wa kuituliza. Na keki, hapo ndipo alipokuwa anainua kidole: mvinyo wa keki uwe mtamu kuliko keki yenyewe, la sivyo mbele ya sukari ile utageuka siki, na bibi harusi atakunja uso kwenye picha zitakazokaa ukutani maisha yote.

Watu walicheka. Walicheka, kisha wakaja nyumbani kwake na orodha ya vyakula kumuuliza.

Pua yake ilikuwa mali. Kulikuwa na duka moja la vinywaji mjini alikokwenda kuonja, na muuzaji akimwona anavuka barabara alianza kufuta glasi. Hakuonja mvinyo kinywa kikiwa kitupu hata siku moja. Alikwenda na chakula kile kile kitakachopikwa kwenye sherehe. Kama ni sato, sato, kama ni maini, maini. Tulipopatana, mpishi wa chakula hicho nikawa mimi, na mbeba hotipoti pia nikawa mimi. Anafunua pale kaunta, wateja wanageuka, harufu ya vitunguu inajaa duka la watu. Mwanzoni muuzaji alilalamika. Baadaye akawa anauliza, "Mwenyekiti, leo tunakula nini?"

Basi anamimina kidogo, anaingiza pua yote kwenye glasi, anafumba macho. Kisha anatoa hukumu. "Huu ni embe bichi." "Huu ni mawe yetu ya hapa Mwanza mvua ya kwanza ikiyapiga." Siku moja alinusa chupa ya bei kali, akaisogeza mbali kwa kidole: "Huu unanuka kabati la padri. Rudisha." Nami nilinusa, maana alinilazimisha. Nilipata harufu ya mvinyo, basi.

Sasa msidhani alijua kupika. Ugali wake ulikuwa na madonge ambayo ungeweza kuyahesabu ukiwa umesimama mlangoni. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa akipika pale nyumbani, na alipotutoka, Mwenyekiti alikula kwa majirani kwa zamu, kwa heshima zote, akija na chupa chini ya kwapa. Nilipomtania akasema refa hafungi magoli. Na kuna jambo jingine ambalo nikilisema hapa atanikasirikia. Siku moja nilipita uani kwake mchana, nikamkuta kwenye ngazi za nyuma, miguu kwenye beseni la maji, mkononi glasi ya ule mwekundu mtamu wa Dodoma, amechanganya na soda ya kola. Kola! Mtu aliyewahi kumfukuza bwana harusi mezani kwa kutia barafu kwenye mvinyo.

"Mwenyekiti!"

"Nini? Kule ni sherehe, hapa ni kwangu. Kaa unywe."

Nikakaa, nikanywa. Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Ulevi hakuutaka. Alisema mvinyo ni wa meza, ukiondoka mezani unatafuta ugomvi. Mzee akianza kupaza sauti, Mwenyekiti alimwendea taratibu, akapiga goti kidogo kama binti: "Baba, shikamoo. Samahani, chupa hii inaitwa na wenzake." Anaichukua, anaondoka nayo, na mzee anabaki kakunja vidole kana kwamba bado ameishika. Sikuwahi kuona aliyekasirika. Na kwa Wasabato na walokole, ambao kwetu ni wengi na mvinyo hawagusi, alichemsha juisi ya rozela na tangawizi, akaipoza, akaionja na chakula kwa umakini ule ule, akaimimina kwenye glasi zile zile zenye mguu mrefu. Hakukuwa na mgeni wa daraja la pili kwenye sherehe zake. Hilo ndilo lililoanza kuniyeyusha.

Mwaka jana, kabla ya kiangazi, alipata mafua makali yaliyomlaza kitandani. Alipoinuka, pua haikuinuka naye. Alikuja kugundua siku maziwa yalipoungua jikoni kwake mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji, yeye akiwa amekaa hatua chache kutoka jikoni anasoma gazeti. Alikwenda hospitali. Daktari akamwambia huenda harufu ikarudi, huenda isirudi.

Haya yote sikuyajua mpaka aliponijia nyumbani. Nilikuwa nakata vitunguu, karai zima, kwa ajili ya msiba wa mtaa wa pili. Akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa.

"Mama Pishi, unakata nini?"

"Si unaona? Vitunguu."

"Naona. Sivisikii harufu."

Nikaacha kisu. Akanieleza, maziwa, daktari, yote. Vitunguu vilikuwa vinamtoa machozi hata kama hakuvinusa, kwa hiyo sikuweza kujua machozi yapi ni ya kitunguu na yapi ni yake. Yangu nilijua ni ya nini. Sendofu ya binti yangu wa kwanza ilikuwa karibu, wakwe wanatoka Musoma, watu wa ziwani wanaomjua samaki kuliko sisi, na Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na vinywaji vyote mkononi.

"Nitoe kwenye kamati," akasema. "Mpe Katibu. Yule kijana amefanya kazi baa ya hoteli, anajua kitu. Waambie nimechoka. Wewe peke yako ndiye ujue."

"Sikutoi."

"Sikiliza wewe. Nikiharibu shughuli ya mtoto wako mbele ya wakwe, ndiyo imekwisha. Sitashika chupa ya mtu tena hapa Nyegezi. Nitakaa uani kwangu mpaka nife."

"Basi usiiharibu."

Nadhani alitegemea nimbembeleze, na kubembeleza sijui. Lakini nilikuwa nampenda yule mama, na niliona wazi kwamba nikimtoa siku ile, hata kwa upole, nitakuwa nimemzika akiwa hai. Afadhali wakwe wanywe mvinyo usiofaa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, ingawa usiku sikulala vizuri.

Tukaenda dukani na hotipoti. Muuzaji akafuta glasi kama kawaida. Mwenyekiti akanisogezea ya kwanza, akaninong'oneza, "Nusa. Unanuka nini?"

"Mvinyo."

"Mvinyo wenye nini?"

Nikanusa tena, nikajitahidi, nikafikiri juu ya embe, mawe, na padri. "Wenye... chupa."

Alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akaacha habari ya pua. Akala kipande cha sato, akanywa, akatulia. Akala pilau, akanywa. Alikaa na kila tonge muda mrefu kuliko zamani, akiuzungusha ulimi kama anayetafuta mwiba. "Ulimi haujafa," akaniambia chini chini. "Uchachu naupata. Chumvi, sukari, uchungu, navipata. Ni kama redio iliyobakiwa na stesheni chache, lakini hizo zinasikika." Mwishowe akachagua mweupe mkavu wa kumpa sato, mweupe mwingine wenye utamu kidogo sana wa kuipa pilau, na mwekundu mwepesi wa nyama choma. Zile mbili nyeupe zilitoka kiwanda kimoja cha Dodoma, chupa zile zile za kijani, vifuniko vile vile vyeusi. Zilitofautiana lebo tu.

Sherehe ilifanyika kwenye bustani kando ya ziwa, upande wa Luchelele, mchana wa jua kali lisilo na upepo. Asubuhi ya siku hiyo umeme ulikuwa umekatika eneo lile lote na majokofu ya ukumbini yakabaki kabati. Mimi sikuwa na habari, nilikuwa nasukwa. Ila mdogo wangu, mjomba wa bibi harusi, anauza samaki Kirumba mwaloni, na yeye barafu haimpigi chenga. Mtu mwema sana. Akasema kwa nini tuhangaike? Akachukua mvinyo wote mweupe, akaulaza kwenye kontena lake la sangara, akaushindilia barafu iliyosagwa, akafunga kifuniko na kujipongeza.

Wakwe wameshaingia na vigelegele, MC anatania, mimi nimekaa kwenye kiti cha mama wa bibi harusi nimevaa kitenge kilichoshonwa mjini, naitwa kwa kope. Mdogo wangu amesimama nyuma ya turubai, ananikonyeza kama mwenye kichaa. Nikajifanya naenda msalani.

Nyuma ya turubai nikawakuta yeye, Katibu, na Mwenyekiti. Kontena limefunguliwa. Barafu imeyeyuka tangu asubuhi na lebo zote zimebanduka, nyingine zinaelea kwenye maji, nyingine zimemganda mdogo wangu mikononi kama magamba. Chupa za kijani tupu, zimechanganyika, haijulikani ipi ni ipi. Na harufu! Sangara wa wiki nzima walikuwa wamelala mle.

"Dada, mimi nilitaka zipoe tu," mdogo wangu akasema.

"Zimepoa," Mwenyekiti akasema.

Katibu alikuwa ameshafungua moja. Alinusa, akakunja uso, akaonja, akatema. Akafungua nyingine, akafanya vile vile. Akaosha mikono, akarudia. Ile shombo ilikuwa kwenye chupa, kwenye vitambaa, kwenye vidole vyetu, kwenye hewa yote ya nyuma ya turubai. Mwishowe akaweka glasi chini. Ni kijana mwungwana, hakujifanya.

"Mwenyekiti, nisikudanganye. Kila ninachoonja napata sangara. Pua yangu imenitupa."

Mwenyekiti alianza kucheka. Alicheka kwa sauti, akashika magoti, miwani ikamdondokea kifuani, na mdogo wangu akadhani mama wa watu amechanganyikiwa. Mimi peke yangu ndiye niliyejua anacheka nini, na nikaogopa nitacheka naye nikaharibu wanja. Hatimaye akajifuta macho.

"Nileteeni sahani. Sato, mkate wa kusafisha kinywa, na pilau kijiko. Chupa zote zioshwe kwa maji ya ndimu, mara mbili, na zifutwe kwa vitambaa visivyofika kwenye hilo kontena. Katibu, wewe unafungua. Mjomba, wewe nenda kaoge."

Akakaa kwenye kreti la soda. Katibu akafungua, akamimina tone, akampa. Mwenyekiti akala samaki, akanywa, akatulia. Upande wa pili wa turubai MC alikuwa anasema tujiandae kwa chakula. Nilijua kwamba pale hapakuwa na mvinyo tu. Akikosea, wakwe wa Musoma wangemla sato wao na kitu cha kumharibu, watu wetu wangenong'ona kwamba Mwenyekiti amezeeka, na yeye mwenyewe angeamini.

"Samaki," akasema. Katibu akaiweka kushoto.

"Samaki." Kushoto.

"Huu una kisukari mwishoni, kinakuja kimechelewa. Pilau." Kulia.

Ikafuata nyingine. Akanywa. Akanywa tena, akala pilau, akanywa, akala sato, akanywa. Akaomba chumvi, akaigusa kwa ulimi. Katibu akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

"Pilau," akasema.

Katibu akaigeuza ile chupa. Kumbe alikuwa amefunika upande wake mmoja kwa kiganja. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha lebo kisichobanduka, maneno yake yakisomeka: nusu mkavu. Ndiyo ile yenye utamu kidogo. Hakufanya kwa ubaya, alitaka kumpima ajue tunakwenda wapi. Akaiweka kulia, akavuta pumzi.

"Endelea, Mwenyekiti. Mimi nafungua."

Alizimaliza zote. Aliimaliza ile kazi kabla watu wa kwanza hawajasimama kwenye foleni ya chakula, na mimi nilirudi kwenye kiti changu naenda kwa madaha kama mtu aliyetoka msalani kweli.

Sasa mniachie nijidai. Baba mkwe, mzee wa Kisabato, alipewa glasi yake ya rozela baridi na sato wake, akala ametulia, akauliza kama kuna mwingine. Lakini aliyenimaliza ni shangazi yake bwana harusi, mama mnene wa Musoma aliyeingia na uso wa mkaguzi. Alikuwa amekataa ule mweupe, eti si wa kwake. Jirani yake wa mezani akamshawishi anywe baada ya samaki. Akamega sato, akatafuna, akanywa. Akaitazama glasi. Akamega tena. Kisha akasimama katikati ya chakula, glasi mkono mmoja na sahani mkono wa pili.

"Nyie watu wa Mwanza! Mimi nimekula sato tangu sijaota meno. Nani amenichagulia hii kitu?"

MC hakuwa mjinga, akaidaka. "Mwenyekiti wa vinywaji yuko wapi? Ajitokeze!"

Mwenyekiti akatoka nyuma ya turubai, kanga ya kazi ikiwa bado kiunoni. Muziki ukawekwa. Ninyi mnajua desturi, ukifika wakati wa kugonga glasi watu hucheza mstari kwenda kwa bibi harusi na wazazi. Siku ile shangazi wa Musoma alianza kucheza, na hakuja kwetu. Alikwenda kwa Mwenyekiti. Wakwe wote wakamfuata nyuma, kisha watu wetu, kisha kamati nzima, Katibu akiwa na kifungulio mfukoni, mdogo wangu akiwa na shati la kuazima, kila mmoja anagonga glasi yake na ya yule mama. Binti yangu akashuka meza kuu na gauni lake, akamlisha keki kwa mkono wake kama anavyolishwa mzazi. Nililia hadharani, wanja ukaondoka wote, na sikujali.

Mwenyekiti hakulia. Alisimama wima, anagonga glasi na kila aliyekuja, na kila mmoja alimwambia kitu kimoja: "Sasa kachukue nyama uone na ule mwekundu."

Siri yake sikumwambia mtu. Nilifikiri ataibeba mpaka mwisho, na mimi nitamsaidia kuibeba.

Mwezi uliopita nilikwenda gati la kivuko cha Kamanga kupokea magunia ya viazi yanayotoka ng'ambo. Nikamkuta Mwenyekiti kwenye foleni ya abiria, kitenge kipya, na nyuma yake mchukuzi anasukuma mkokoteni wenye makreti yaliyofunikwa magunia mabichi.

"Mwadila, Mwenyekiti," nikamsalimu kwa Kisukuma. "Shikamoo. Safari ya wapi?"

"Marahaba, Mama Pishi. Sengerema. Jubilei ya ndoa. Watu wa kule waliokuwa kwenye sendofu yako ndio wamenitaja."

Nikasogea karibu, nikashusha sauti. "Na pua?"

Nilishusha sauti mimi. Yeye aliipandisha, ile ile ya kukusanya darasa, foleni nzima ikageuka.

"Pua imekufa! Haijarudi, na daktari naye ameacha kunipa matumaini. Nimewaambia kamati yao mapema kwenye simu. Nikawaambia, mimi sinusi kitu. Nawaletea ulimi, mkitaka pua tafuteni mtu mwingine. Unajua walinijibuje?"

"Walikujibuje?"

"Wakasema njoo na huo huo."

Foleni ikacheka, naye akacheka. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la samaki wa kukaanga kichwani, anayewauzia abiria, akamtania: "Sasa mama, hawa wangu wanakwenda na mvinyo gani?"

Mwenyekiti hakulichukulia hilo kama utani. Alisema lete nione umemkaanga kwa mafuta gani. Geti likafunguliwa, watu wakaanza kuingia kivukoni, magari yakafuata, na wao wawili wakaingia wakiwa bado wanabishana habari ya mafuta, beseni likiwa kati yao. Mlango wa kivuko ulipoinuliwa nilimwona pale mbele, abiria wamemzunguka, ameshika kipande cha samaki, kidole kimoja kiko juu, anaeleza.

Nilipunga mkono. Hakuniona. Alikuwa kazini.